Udongo Usiolea Konokono

Mzee Apolinary alikaa kwenye benchi la kituo cha polisi cha Muleba kama mtu anayengoja basi. Mikono ameiweka magotini, macho ameyatupa nje mlangoni, wala hakuonekana kujali lile debe lililokuwa mezani mbele yake. Inspekta Philbert Ndyamukama, aliyetumwa kutoka Bukoba asubuhi ile kuja kuifunga kesi hii, alilisukuma debe likamkaribia.

"Unalifahamu?"

"Debe ni debe."

"Limekutwa nyuma ya nyumba yako, limefunikwa majani ya mgomba. Ndani yake konokono."

"Nimewaona. Mgambo walinionyesha kabla hawajawasha moto."

"Moto gani?"

Hapo ndipo mzee alipomtazama usoni. "Hukuambiwa? Nyumba yangu wameichoma."

Philbert hakuwa ameambiwa. Alimgeukia Koplo Karugendo, mkuu wa kituo kile, na koplo akaona afadhali achungulie dirishani.

Kesi yenyewe ilisimuliwa hivi. Mwaka uliotangulia, 1974, watu wa vilima vya jirani walihamishiwa katika kijiji kipya cha ujamaa, Kyanshenge, pamoja na familia kadhaa za wavuvi kutoka kisiwa cha Bumbire. Bondeni likachimbwa bwawa. Wanawake wakafua humo, watoto wakaogelea humo. Sasa watoto wa Kyanshenge walikuwa wakikojoa damu. Waganga wa hospitali waliuita ugonjwa huo kichocho, wakaeleza kwamba mdudu wake hulelewa na konokono wa majini kabla hajamwingia mtu kupitia ngozi. Maji yalipochotwa, konokono walikuwa wengi kama punje za mtama. Hapo wazee wakashangaa, maana katika mabonde yale hakuna aliyewahi kuona konokono wa kujaza hata kiganja.

Basi watu wakatafuta aliyewaleta, na hawakutafuta mbali. Apolinary, katekista mstaafu, ndiye pekee aliyekataa kuhama. Alibaki juu ya kilima kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, akisema makaburi ya wazazi wake hayahami. Debe likakutwa kwake. Siku zile jambo kama hilo liliitwa hujuma, na mtu wa hujuma hakuulizwa mara mbili kabla ya kupelekwa kizuizini.

"Jioni ya kabla ya upekuzi ulikuwa na mgeni," Philbert alisema. "Lori la ushirika lilionekana limesimama kwenye njia ya kwako. Nani alikuja?"

Mzee alirudisha macho mlangoni.

"Unayemficha ndiye anayekuangamiza."

"Mtu aliyekula ndizi zangu na kunywa lubisi, pombe yangu ya ndizi, simtaji polisi."

"Alikusaidia kumwaga konokono?"

"Andika unavyotaka, mwanangu. Mimi nimechoka."

Philbert hakuandika kitu. Mzee alikuwa na mwenzake na alikuwa anamkinga, hilo lilikuwa wazi. Kilichobaki ni kumjua huyo mwenzake, na kujua konokono walikotolewa. Alimwambia koplo ampe mzee uji, akalichukua debe, akatoka.

Nje alimkuta Kemilembe, fundi wa maabara aliyetoka Bukoba kuja kupima mikojo ya watoto wa kijiji. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyevaa viatu vya mpira vilivyojaa tope. Philbert alimwomba afuatane naye kilimani.

"Kama mzee aliwakusanya konokono, aliwakusanya mahali," alimwambia wakiwa ndani ya Landrova. "Nataka unionyeshe mahali hapo."

Kwenye nyumba ya Apolinary ilibaki mihimili myeusi na harufu. Migomba iliyokaribia ukuta ilikuwa imebabuka upande mmoja. Msalaba wa mti uliokuwa juu ya mlango ulikuwa umeanguka kwenye jivu, na hakuna aliyejali kuuokota. Walipita, wakateremka hadi kwenye chemchemi, mahali pekee penye maji katika kibanja kile, penye magugu na udongo mwekundu uliochanganyika na mchanga.

Walitafuta hadi jua likawachoma migongo. Walipindua majani, wakachokora matope. Kemilembe alipata konokono mmoja, baadaye sana mwingine, kisha wachache tena chini ya gogo lililooza. Aliwaweka kwenye kiganja cha Philbert.

"Watazame nchani."

Ncha za magamba zilikuwa zimelika, zimekuwa na vitundu kama jino bovu. Philbert alimbana mmoja kidogo tu kwa vidole, gamba likapasuka kama ganda la karanga. Akatia mkono ndani ya debe akatoa konokono wa ushahidi. Huyu alikuwa mzito, laini, mzima kuanzia nchani hadi mdomoni. Alimbana kwa nguvu. Hakupasuka.

"Ni aina tofauti?"

"Aina ni moja. Tofauti ni udongo." Kemilembe alinawa mikono kwenye chemchemi. "Gamba la konokono ni chokaa, Inspekta. Chokaa hiyo anaipata majini, na maji yanaipata ardhini. Udongo wa vilima hivi mvua imeufua tangu dunia ilipoumbwa, umebaki mchachu, chokaa hakuna. Konokono akizaliwa hapa anaishi kimaskini. Gamba linalika, anafa mapema, hazai sana. Watu wa visiwani wenye kichocho wamekuwa wakija Muleba sokoni miaka yote, na ugonjwa haukuwahi kupanda huku. Mdudu alikosa mlezi."

"Kwa hiyo hawa wa kwenye debe hawakuzaliwa kwa mzee."

"Haiwezekani."

"Wamezaliwa wapi?"

"Twende bwawani ukaone mwenyewe."

Bwawani hawakuhitaji kutafuta. Konokono walikuwa wamegandamana kwenye mashina ya magugu, kwenye mawe ya kufulia, hata kwenye mpini wa jembe uliosahauliwa majini. Kila konokono aliyeokotwa na Philbert alikuwa mzito, laini na mzima. Aliwalinganisha na wa kwenye debe mmoja mmoja, akiwapanga juu ya jiwe, na walipokwisha kupangika hakuweza tena kusema yupi ametoka wapi.

Alikaa kitako. Watu wote walikuwa wameisoma kesi kinyume. Hakuna aliyetoa konokono kwa Apolinary kuwaleta bwawani. Mtu alichota konokono bwawani, akawapandisha kilimani, akawaacha nyuma ya nyumba ya mzee.

"Lakini bado kuna swali," alisema. "Bonde hili ni la vilima vilevile. Udongo ni uleule mchachu. Kwa nini hawa wamenenepa?"

Kemilembe alichuchumaa kando ya maji. Alifungua mfuko wake akatoa kichupa cha asidi, akampa.

Philbert alianza upande wa mbali, chini ya ukingo. Alichimba tope kwa kisu, akalidondoshea asidi. Tope lilikunywa likanyamaza. Akasogea, akachimba tena, ikawa vilevile. Alizunguka bwawa hivyohivyo hadi alipofika mahali mtaro wa maji ya mvua ulipoingilia, na pale tope lilipoguswa na asidi likachemka na kutoa povu, kama sabuni. Alidondosha tena. Povu likarudi. Aliinama akaona kwenye kingo za mtaro michirizi myeupe iliyokauka.

Aliufuata mtaro kwenda juu. Haukuwa mrefu. Uliishia kwenye shamba la mahindi la ujamaa, lile lililosifiwa kwenye mikutano ya wilaya kwa mavuno yake ya kwanza, na kwenye matuta yake unga mweupe ulikuwa bado haujaisha kuoshwa.

"Chokaa ya kilimo," alisema Kemilembe nyuma yake. "Wameiweka ili udongo uache uchachu, mahindi yaote. Mvua imeiteremsha bwawani."

"Ulijua?"

"Nilijua itawekwa. Mwaka jana tulikutana Muleba, nikamweleza Bwana Shamba hatari yake. Kijiji kina wavuvi wenye ugonjwa. Ukiwapa konokono chokaa, umekamilisha mnyororo. Sikumkataza asilime. Nilimwomba ageuze mtaro tu, umwage upande wa pili wa bonde. Akakubali. Akaniahidi mbele ya watu."

"Na walipomkamata mzee, mbona ulikaa kimya?"

"Sikukaa kimya." Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nilikwenda kwa Bwana Shamba siku ileile. Nikamwambia konokono hawa wametokana na chokaa, mzee hana kosa. Akanijibu nisihangaike kuandika, atakueleza yeye mwenyewe, kwa kuwa wewe ni ndugu yake."

Philbert alifunga kichupa. Kifuniko kilikataa kukaa sawasawa, akakifungua akakifunga tena.

Bwana Shamba wa wilaya aliitwa Elieza Buberwa. Hakuwa ndugu wa Philbert kwa kuzaliwa, alikuwa ndugu kwa buni. Walipokuwa vijana wa shule, mmoja Mkatoliki na mwingine Mlutheri, walifanya kwa siri kile mapadri na wachungaji wao wote walichokikataza: walichanja ngozi karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye buni, kila mmoja akatafuna ya mwenzake. Wahaya wanamwita mtu huyo *omunywani*. Humdanganyi, humwibii, humwachi kwenye shida. Jana yake tu Philbert alikuwa nyumbani kwa Buberwa huko Nyanga. Walikula ndizi na samaki, na Buberwa akamweleza kesi nzima tangu mwanzo. Alimweleza ukaidi wa mzee. Alimweleza debe. Chokaa hakuitaja, wala mtaro, wala moto.

"Baki hapa," Philbert alimwambia Kemilembe. "Mwite Mwenyekiti Mwijage, mwambie ni amri ya polisi. Asiingie mtu majini, mtoto wala mkubwa."

Bado hakuwa na kitu cha kushika. Mtaro usiogeuzwa ni uzembe, na mzembe si lazima awe ndiye aliyebeba debe. Alirudi Muleba kumtafuta dereva wa lori la ushirika.

Dereva huyo, Uledi, mtu wa Tabora, alikuwa sokoni amelala chali chini ya lori lake, akigonga kitu kwa nyundo. Kijijini watu walikuwa tayari wanalitaja jina lake: mgeni, Mwislamu peke yake, na lori lake ndilo lililoonekana kilimani. Philbert mwenyewe alikuwa ameweka alama kwenye jina hilo.

"Toka huko chini."

Uledi alitoka akijifuta mafuta.

"Watu wanasema ulipanda kwa Mzee Apolinary na debe, jioni ya kabla ya upekuzi."

"Nilipanda na lori, afande. Debe halikuwa langu."

"La nani?"

Uledi alitazama kulia na kushoto. "Wewe na yeye ni watu wa karibu. Nikisema, nitakuwa nimejikaanga mwenyewe."

"Sema. Usiposema, debe ni lako."

"La Bwana Shamba. Alikuwa amelipakata tangu Kyanshenge, limefunikwa majani ya mgomba. Akaniambia ni samaki, zawadi ya mzee wake. Mimi nimekaa pwani ya ziwa hili miaka mingi, samaki nawajua. Wale hawakunuka. Lori likiruka, ndani ya debe kunalia kama changarawe."

"Mzee wake kwa vipi?"

"Kumbe hukujua? Alipokuwa mwanafunzi wa kilimo, akifanya mazoezi Muleba, alilala kwa yule mzee kama mtoto wa nyumba. Anamwita Tata, yaani baba. Siku ile mzee alifurahi sana kumwona, hata mimi dereva nilikaribishwa ndani. Tukala. Bwana Shamba akatoka mara moja kwenda haja nyuma ya nyumba. Tulipoondoka, debe sikuliona tena."

Sasa Philbert alijua mzee alikuwa anamkinga nani, na hakikuwa kitu cha hujuma. Alikuwa anamkinga mtoto.

Alifika Nyanga jua likiwa limeegemea vilima vya magharibi. Buberwa alikuwa uani anageuza kahawa kwenye majamvi, suruali ameikunja, miguu mitupu. Alipoiona Landrova alicheka, akaja na mikono yote miwili.

"Umemaliza mapema. Nilisema mimi, ile si kesi ya siku mbili."

"Bado kitu kimoja. Tuingie ndani."

Waliketi sebuleni. Mke wa Buberwa alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, Philbert akashukuru bila kuchukua hata punje. Alitoa mfukoni konokono wawili, akawaweka mezani. Akaweka kidole gumba juu ya wa kwanza, akakandamiza. Gamba likasagika.

"Huyu ametoka kwenye chemchemi ya mzee."

Akakandamiza wa pili kwa uzito wa bega lake lote. Meza ikalia. Gamba likabaki zima.

"Huyu ametoka kwenye debe."

Buberwa alikuwa amesomea udongo, hakuhitaji maelezo. Alitazama vipande vya gamba lile jembamba, akavikusanya polepole kwa ukingo wa kiganja hadi vikawa kichungu kidogo.

"Nani mwingine amewaona?"

"Hilo ndilo la kwanza kuniuliza?"

"Philbert, umeyaona mahindi yale? Ardhi ile haikuwahi kutoa gunzi. Watu waliletwa pale kwa malori wakaambiwa walime, mimi ndiye niliyetakiwa kuwalisha. Bila chokaa wangekula majani."

"Sikukulaumu kwa mahindi. Mtaro."

"Ningeugeuza baada ya masika. Nguvukazi yote ilikuwa kwenye ujenzi wa shule."

"Kemilembe alikueleza."

"Alinieleza."

"Watoto walipoanza kukojoa damu, ulijua sababu."

"Nilijua." Aliinua macho. "Ungekuwa mimi ungesema nini? Niende kwenye mkutano niseme ni mimi? Mwaka huu? Wangeniita mhujumu kabla sijafunga mdomo. Nina watoto wadogo. Mzee hana mtu wa kumtegemea. Angekaa kizuizini kidogo, angeonewa huruma kwa uzee wake, angerudi."

"Arudi wapi? Nyumba imechomwa."

"Sikuagiza moto."

"Ulijua kwamba umewaka. Jana tulikula kwenye meza hii, ukijua."

Buberwa aligusa kile kichungu cha vipande kwa ncha ya kidole. Nje mkewe alikuwa akiendelea kugeuza kahawa, na mkwaruzo wa reki ulisikika hadi sebuleni.

"Na mimi?" Philbert aliuliza. "Kwa mkubwa wangu wameniambia Bwana Shamba wa wilaya ndiye aliyeomba nitumwe. Kulikuwa na wapelelezi wengine. Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ni wewe."

"Maana yake nini?"

"Mwingine angechimba." Buberwa alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mbolea. "Wewe nilijua ukisikia kwangu, utaamini. Hukuwahi kutilia shaka neno langu tangu tulipokula buni."

Philbert alisimama. Alikuwa amekamata watu wengi katika kazi yake, na pingu hazikuwahi kumsumbua kuzitoa kiunoni kama zilivyomsumbua siku ile.

"Vaa viatu."

"Tulitafuna damu, Philbert."

"Ndiyo. Vaa viatu."

Asubuhi iliyofuata, alimwagiza Koplo Karugendo amfungulie mzee. Apolinary alitoka mahabusu taratibu, akishika ukuta. Philbert alimkalisha kwenye benchi, akamwambia yupo huru, kisha akatafuta namna ya kumwambia lililobaki. Mzee akamwahi.

"Ni Elieza."

"Ulijua?"

"Tangu mgambo walipofunua yale majani. Yale yalikuwa majani ya migomba yangu? Mimi sina migomba ya aina ile, na aliyekwenda nyuma ya nyumba jioni ile alikuwa mmoja tu."

"Sasa kwa nini hukusema, mzee? Wangekufungia huko hadi ufe."

"Nilikuwa namngoja." Apolinary alipitisha ulimi kwenye midomo iliyokauka. "Nilisema moyoni, mtoto ameteleza. Ataona haya, atakuja aseme mwenyewe. Kila gari lililosimama hapo nje nilisema ndiye. Hata ulipoingia wewe, nilidhani ametangulia kukutuma."

Kabla Philbert hajajibu, askari wawili walimleta Buberwa kutoka kwenye gari kumwandikisha. Alipomwona mzee alisimama mlangoni. Kisha akapiga magoti pale kwenye kizingiti, na pingu mikononi, akainamisha kichwa kama mtoto anavyomwamkia baba wa Kihaya.

"Kasinge, Tata."

Kituo kizima kilingoja jibu, maana salamu ile haiachwi bila jibu, hata na adui. Apolinary alinyanyuka kwenye benchi. Alishika ukuta, halafu akasema bila kumtazama aliyepiga magoti:

"Koplo, mwondoe huyu mlangoni, nipite."